Mistari Sita ya Nyumbani

Gari la dawa lilipopiga honi nje, Chiriku alikuwa wa kwanza kutoka, bibi yake wa pili, na baba yake, fundi wa kompyuta, wa tatu, akijifanya hana haraka. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Dereva wa gari hilo aliitwa Polepole, na hakusingiziwa. Baiskeli zilimpita, watembea kwa miguu wenye shughuli zao walimpita, naye aliwapungia mkono wote. Mwenda pole hajikwai, aliwaambia waliomcheka, na kweli kwa miaka kumi na tisa hakuwa amevunja chupa hata moja ya dawa.

"Mama ameandika?" Chiriku aliuliza kabla gari halijazimwa. Alikuwa na miaka sita, na jina lile alilipata kwa sababu alianza kusema siku aliyofumbua macho na hakunyamaza tena.

"Mimi mbebaji tu, mjukuu wangu. Mambo ya watu siyasomi."

Polepole akatoa simu ndogo mfukoni. Fundi akatoa ya kwake. Wakaziweka ubavu kwa ubavu juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto, zikalia mlio mmoja mfupi, basi. Mlio huo ulikuwa umemkalisha fundi nyumbani miaka miwili, akibonyeza kompyuta mezani huku majirani wakimwuliza mama mkwe wake kwa upole kama kijana amepata kazi.

Alikuwa ametengeneza programu aliyoiita Daftari. Watu wawili, hata kumi, waliweza kuandika katika daftari moja, kila mtu kwenye simu yake, mahali ambapo mtandao haujafika hata kwa bahati mbaya. Simu zikikutana, hata kwa kupitia mfuko wa dereva, nakala zao zinaungana na kuwa moja. Zahanati kumi na moja za kule milimani zilikuwa zikilijaribu. Na je, watu wawili wakiandika mahali pamoja, kila mmoja lake? Hapo fundi alikuwa na kanuni yake: neno lililoandikwa mwisho ndilo linalobaki, lililotangulia linafutwa. Kanuni fupi, safi, haili nafasi kwenye simu. Siku aliyoibuni alijipongeza kwa sauti jikoni, mama mkwe akadhani ana homa.

Mke wake alikuwa mkunga katika zahanati ya mwisho, ile ambayo ukiipita barabara inakwisha. Kwa ajili yake fundi aliongeza ukurasa mmoja ambao ofisi ya dawa haikuuomba, ukurasa wa nyumbani, wenye mistari sita: Chiriku, Bibi, Afya, Shule, Nyumba, Mengineyo. Aliamini kabisa kwamba familia inaweza kuingia katika mistari sita. Kila wiki aliijaza yote, hata pale asipokuwa na la kusema, kwa sababu mstari mtupu ulimkera.

"Haya, soma," bibi alisema.

Fundi akasoma kimoyomoyo. Chiriku: amekula vizuri. Bibi: mzima. Afya: hakuna jipya. Shule: hakuna jipya. Nyumba: hakuna jipya. Mengineyo: toleo la nne liko tayari. Yote yalikuwa maneno yake mwenyewe ya wiki iliyopita, yamekwenda na kurudi yalivyo, bila hata nukta ya mkewe.

"Anawasalimu," alisema.

"Anasema nini kuhusu jino langu?"

"Anasema hongera."

Bibi alimtazama mkwe wake. Hakuwa mwanamke wa kudanganyika kirahisi. Alikuwa amelea watoto saba na kuwazika waume wawili. Lakini mbele ya mtoto na yeye akasema hongera.

Ilikuwa wiki ya kumi na mbili sasa bila neno lake. Mwanzoni mkunga aliandika mpaka simu ikajaa: wimbo aliomtungia Chiriku, jinsi alivyozalisha mapacha huku akishika tochi kwa meno, jinsi anavyolala upande mmoja wa kitanda kana kwamba mtu atakuja kulala ule mwingine. Halafu, ghafla, kimya. Na kwa kuwa muuguzi mwenzake alikuwa likizo ya uzazi, hakuweza hata kushuka nyumbani mwisho wa mwezi. Kumbukumbu za wagonjwa zilifika kila Alhamisi bila tatizo. Kwa hiyo simu ilifanya kazi, na mkono wake ulifanya kazi. Ni kwa nyumbani tu ambako hakuandika, na fundi alilijua hilo kama mtu anavyojua jino lipi linamuuma.

Polepole alikuwa ameshapanda garini alipotoa kichwa dirishani. "Halafu mama Chiriku anasema Alhamisi ijayo ndiyo mwisho. Karatasi lazima niondoke nayo."

"Karatasi?"

"Ya nyumba ya wafanyakazi. Mkataba wake wa mwaka mwingine. Ajaze kama atakaa na familia au peke yake. Si alishakuandikia?"

Chiriku alikuwa pale. Bibi alikuwa pale. Jirani wa mbele alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Aa, hiyo," fundi akasema. "Ndiyo, ndiyo. Tumeshaongea."

Gari likaondoka kwa mwendo wake. Fundi alibaki barabarani, masikio yakimwaka. Mwaka mwingine. Nyumba. Na dereva wa dawa anajua, na yeye mume hajui. Jioni ile alifungua ukurasa akakaa nao muda mrefu, akitaka kuuliza, lakini kiburi kikamkaba mkono. Kama mwenyewe hakuona haja ya kumwambia, basi. Kwenye mstari wa Nyumba akaandika: hakuna jipya.

&nbsp;

Jumanne aliitwa ofisi ya dawa. Aliambiwa saa tatu, akafika saa mbili na nusu, akaketishwa kwenye benchi la korido mpaka saa tano. Karani alipita mara nne na mafaili, na mara ya nne akamwuliza kama yeye ndiye aliyekuja kurekebisha choo.

"Mimi ni wa Daftari."

"Ooh, yule wa bila mtandao!" karani alisema, akacheka kwa wema.

Ndani kulikuwa na mkubwa wa idara, watu watano kwenye meza ndefu, na kando ya dirisha meza moja tupu yenye kiti kipya ambacho bado kilikuwa na karatasi ya nailoni. Fundi aliitambua meza ile. Alikuwa ameahidiwa kwamba majaribio yakifaulu, itakuwa yake, na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameiwazia zaidi ya inavyompasa mtu mzima kuwazia meza.

"Karibu, kijana," alisema mkubwa, ambaye alimzidi labda miaka mitatu. "Tumeipenda kazi yako. Hebu tueleze tena, na wageni wasikie."

Fundi akasimama. "Watu wetu hawakai pamoja, mkubwa, na mtandao hauwafikii. Lakini kazi yao ni moja. Daftari linamruhusu kila mmoja aandike alipo, halafu linaunganisha. Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno."

"Vizuri. Sasa nisaidie hapa." Mkubwa akavaa miwani, akainua karatasi. "Zahanati ya mwisho. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, mama na mtoto wazima. Amezaliwa mwezi wa kwanza, miaka tisa iliyopita."

Mtu mmoja akakohoa.

"Huyu mwingine, wa kiume. Mwezi wa kwanza, miaka tisa iliyopita. Na huyu. Na huyu. Kwa miezi mitatu watoto kumi na wanne wamezaliwa kwenye zahanati hii, na zahanati yenyewe, kama sikosei, ina miaka minne. Hawa walizaliwa juu ya mti?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Hata karani mlangoni alicheka, na fundi naye akacheka, kwa kuwa mtu asipocheka mahali kama pale huonekana ameumia.

"Ni saa ya simu, mkubwa," alisema. "Simu zenyewe ni kuukuu. Betri ikiisha kabisa, saa inasahau, inarudi ilipoanzia kiwandani. Huku mjini mtandao unairekebisha. Kule hakuna mtandao wa kuirekebisha, kwa hiyo simu inaamini kwamba…"

Simu inaamini kwamba bado ni miaka tisa iliyopita. Kila anachoandika mkunga, simu inakigonga muhuri wa miaka tisa iliyopita. Na kila anachoandika fundi kina muhuri wa wiki hii. Kumbukumbu za wagonjwa zilipona kwa sababu mkunga aliziandika peke yake, hapakuwa na wa kugombana naye. Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja ambao watu wawili waliandika kwenye mistari ileile. Na pale neno la mwisho ndilo linalobaki.

"Kijana? Inaamini nini?"

"Nitaitengeneza, mkubwa."

"Hilo ni dogo. Niletee Ijumaa, na Jumatatu uje ukae pale." Mkubwa alionyesha dirishani kwa kalamu. Watu wa meza ndefu wakapiga makofi mepesi. Fundi alishukuru, akatoka, akasahau mkoba wake kwenye kiti.

&nbsp;

Nyumbani alichukua simu mbili, akaziweka mezani mbele ya bibi aliyekuwa anachambua mboga. Moja akairudisha saa yake miaka tisa nyuma. Kwenye hiyo akaandika neno "chumvi", mstari wa Mengineyo. Kwenye nyingine, mstari uleule, akaandika "sukari". Akazisogeza karibu. Zikalia.

Simu zote mbili zilisema sukari.

"Na chumvi?" bibi aliuliza.

"Imefutwa."

"Imefutwa ikapelekwa wapi?"

"Haipelekwi popote, mama. Imefutwa tu."

Bibi aliweka kisu chini. Alikuwa hajui kompyuta, lakini alijua maana ya kitu kisichopelekwa popote. "Subiri, mkwe wangu. Nieleze taratibu, kama unamweleza Chiriku. Mwanangu alikuwa anaandika?"

"Nadhani alikuwa anaandika."

"Miezi yote mitatu?"

"Ndiyo."

"Na kila akiandika, lako linakuja linakaa juu yake?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye anaona nini kule?"

Fundi alikuwa hajafika huko bado. Akafika sasa. Mkunga ameandika wiki nzima, Polepole amekuja, simu zimelia, na mahali palipokuwa na maneno yake pametokea maneno ya mumewe. Hawezi kujua kwamba yake yameuawa pale pale mkononi mwake. Atadhani yake yamekwenda na ya mume yamekuja, kama barua. Ataandika jambo zito, na atajibiwa: hakuna jipya.

"Asiyekuwepo na lake halipo," bibi alisema. "Hilo tulikuwa tunalijua zamani, mkwe wangu, hatukuhitaji mashine." Akaanza kulia bila kupangusa, maana mikono ilikuwa na maji ya mboga. "Na mimi nilimnunia mwanangu. Nilisema amepata watu wengine huko. Mungu anisamehe."

"Nitakwenda Alhamisi na Polepole."

"Utakwenda," bibi alisema. "Na ukifika huko usiongee mambo ya saa. Ongea na mkeo."

&nbsp;

Waliondoka alfajiri. Katika maisha yake fundi hakuwahi kuuchukia upole kama siku ile.

"Mzee, hatuwezi kuongeza mwendo kidogo?"

"Nina chupa mia nne huko nyuma," Polepole alisema. "Wewe huvunjiki."

Saa ya tatu ya safari, barabara ilipoanza kupanda, simu ya fundi ilipoteza mtandao. Alikitazama kile kialama kikizimika, na licha ya yote aliyokuwa nayo moyoni akahisi kijihofu cha kipuuzi, kama cha mtu aliyetoka bila viatu. Yeye aliyetengeneza kitu cha watu wasio na mtandao hakuwahi kulala hata siku moja mahali usipokuwepo. Hata alipomleta mkewe kuanza kazi, aligeuza na gari lilelile.

Zahanati ilikuwa vyumba vitatu vyeupe na kibaraza kirefu chenye benchi. Wanawake kama kumi walikuwa wamekaa wakisubiri, wengine na watoto mgongoni. Mkunga alitoka mlangoni kuita anayefuata, akamwona mumewe amesimama karibu na gari.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Chiriku? Mama?"

"Wazima wote, mama Chiriku. Jino la mbele limeota."

Mkunga alishika nguzo kidogo, akavuta pumzi. Alikuwa amekonda. Fundi alitaka kumshika, lakini benchi zima lilikuwa linatazama, tena lilikuwa limeacha mazungumzo ili litazame vizuri.

"Basi umekuja kufanya nini?" mkunga aliuliza.

"Naomba simu yako."

Aliyakumbuka maneno ya bibi mara tu yalipokwisha kumtoka, lakini yalikuwa yamekwisha kumtoka. Mkunga akaingiza mkono mfukoni, akampa simu kama anavyompa mgeni glasi ya maji. Fundi akamwonyesha tarehe, akaeleza. Alieleza vibaya, alirudi nyuma, alisema chumvi na sukari. Umeme wa jua pale hautoshi, mkunga alisema, na alikuwa anauachia friji la chanjo. Simu ilizimika kila baada ya siku mbili, naye hakuwahi kuitazama tarehe, tarehe aliisoma ukutani. Aliendelea kukitazama kile kioo.

"Mwaka huu hapa," alisema, "nilikuwa bado sijakuona."

"Bado."

"Kwa simu hii mimi ni msichana wa nyumbani kwetu."

Akacheka, na katikati ya kicheko kile macho yakamjaa. Wakasogea mwisho wa kibaraza, ambako benchi lililazimika kutega masikio zaidi.

"Nilikuandikia mara tatu kuhusu nyumba," mkunga alisema. "Mara ya kwanza nilikuwa na furaha ya kijinga. Vyumba viwili, jiko lake lina dirisha. Shule iko hapo chini, Chiriku anaweza kwenda peke yake na mimi namwona. Nikauliza, mtakuja? Ikarudi, hakuna jipya. Nikasema labda ana kazi nyingi. Mara ya pili nikabembeleza. Hakuna jipya. Mara ya tatu niliandika sentensi moja tu."

"Ulisemaje?"

"Sikumbuki."

Alikumbuka neno kwa neno. Lakini kuna maneno ambayo mtu huyatoa mara moja, na yakipotea, yamepotea.

"Hayapo popote? Hata kwenye kompyuta yako?"

"Hapana. Nilitaka yasile nafasi."

"Yasile nafasi," mkunga alirudia.

"Nitairekebisha. Nimeshajua namna. Watu wawili wakiandika mahali pamoja, maneno yote mawili yabaki, wenyewe waamue. Hakuna kinachofutwa tena. Ni kosa la saa tu, mama Chiriku. Si mimi."

Mkunga alimtazama, na hakukuwa na hasira machoni mwake. Fundi angependelea hasira.

"Yangu hukuyaona, hiyo ni saa. Nimekubali. Lakini yako mimi niliyaona yote. Chiriku amekula vizuri. Bibi mzima. Toleo la nne liko tayari. Miezi mitatu nasoma mimi, kila Alhamisi, namkimbilia Polepole na glavu mkononi, nasema leo atasema. Leo ataandika neno moja ambalo si la kujaza mstari. Hiyo si saa, baba Chiriku. Hiyo ni wewe."

Mwanamke mmoja wa kwenye benchi aliguna, "Mh," mwenzake akampiga kiwiko.

Kutoka ndani mkunga alileta bahasha ya kaki. Akaitoa karatasi. Palikuwa na visanduku viwili, na kalamu ilikuwa imepita kwenye cha pili: atakaa peke yake. Chini yake sahihi, ya jana.

"Nisipoichukua mimi, nyumba anapewa mwalimu. Ana watoto wanne wanalala stoo." Aliishika karatasi kwa mikono miwili. "Niambie kitu kimoja. Kama ungeiona ile ya kwanza, siku ileile. Ungejibu nini?"

Fundi alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulimponza. Angekuwa mwongo kidogo angesema ndiyo papo hapo na hadithi hii ingekwisha kwa vifijo. Lakini aliuliza moyo wake kwanza. Aliiona meza ya dirishani, kiti kikiwa bado na nailoni, Jumatatu. Aliona kialama cha mtandao kikizimika. Haikuwa muda mrefu. Mtoto mmoja kwenye benchi alihamishwa kutoka titi hili kwenda lile.

"Ndiyo," alisema. "Ningesema ndiyo."

"Umefikiri."

"Nimefikiri kidogo tu."

"Nimekuona."

Akaikunja karatasi, akairudisha ndani ya bahasha.

"Ibadilishe, mama Chiriku. Futa hicho, weka alama kwenye kile kingine. Nitakuja. Nimesema nitakuja."

"Utakuja, halafu kila siku utapanda juu ya paa kutafuta mtandao, na mimi ndiye nitakuwa nimekukosesha. Nenda kakalie meza yako. Ndiyo, najua habari ya meza, Polepole anasimulia kila kitu ila cha maana. Mwaka si karne. Na ukiisha, kama bado unatutaka pamoja, safari ijayo uniulize wewe. Nimechoka kuuliza."

Akalamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa vidole, akamnyoshea. Mkono ule ulibaki hewani muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Alitaka, kwa nguvu zake zote, mumewe aichane ile bahasha mbele ya watu wote wale, aitupe, amshike mkono aseme hapana. Angemgombeza na angemshukuru maisha yake yote. Fundi naye alitaka kuichana mpaka vidole vikamwasha. Lakini alikuwa amefuta maneno ya mwanamke huyu kwa miezi mitatu, na aliapa njia nzima kwamba hatafuta lingine. Kwa heshima, akaipokea.

"Anayefuata," mkunga aliita, na sauti yake ilikuwa ya kazi tena.

&nbsp;

Polepole alipokuwa akiteremsha maboksi, fundi alikaa mwisho wa benchi, kwenye nafasi ambayo wanawake walimwachia. Alirekebisha saa ya simu ya mkewe kwa saa yake ya mkononi. Akafungua kompyuta ndogo aliyokuja nayo na kuondoa ile kanuni yake fupi, safi, akaandika nyingine ndefu yenye kuchosha, ambayo haimfuti mtu. Ilimchukua chini ya saa moja.

"Baba," mwanamke wa kando alimwambia, "ujue zamu yako ni baada yangu."

"Mimi nimeshahudumiwa, dada."

"Pole," yule mwanamke alisema, na alimaanisha.

Mkunga alitoka kumuaga akiwa na gauni la kazi lenye majimaji. Kulikuwa na mtu ndani aliyekuwa amefikia wakati wake. Alimpa mfuko wa karanga wa Chiriku. Alimwambia amwambie mama yake ameota yuko nyumbani, anamsuka. Halafu alisimama tu, na fundi alisimama tu, na mwishowe fundi akasema mbele ya benchi lote, kwa sauti iliyomtoka vibaya, "Nimekukumbuka. Kitanda nalala upande wangu tu."

"Na mimi," mkunga alisema. Ndani mtu alipiga ukelele, naye akakimbia.

Polepole aliondoa gari. Alisema hili na lile, mvua, bei ya matairi, halafu akaona anaongea peke yake. Bahasha ilikuwa magotini mwa fundi. Haikuwa na uzito wowote. Mara mbili barabara ilipita kando ya bonde, dirisha likiwa wazi, na mara mbili alizishika pembe zake kwa mikono yote miwili isipeperuke.

Walipoanza kuteremka, simu ikashtuka mfukoni. Ikalia, ikalia tena, habari za siku nzima zikimiminika kwa pamoja: karani anauliza ukubwa wa picha ya kitambulisho, mkubwa anakumbusha Ijumaa.

"Mtandao huo," Polepole alisema kwa kumfariji, akapunguza mwendo, kama ilikuwa inawezekana kuupunguza zaidi. "Nisimame upige? Hapa unashika vizuri."

Fundi aliitoa simu, akaitazama. Kialama kilikuwa kimejaa mpaka juu.

"Nimpigie nani?" alisema.